Marejeo Yasiyofunguka

Jumatatu, 3 Juni

Tasnifu imerudi. Msimamizi wangu hakugusa sura hata moja. Amezungushia wino mwekundu orodha ya marejeo tu. Ni kweli nimeandika "Intaneti" mara nyingi, lakini si ndiko nilikozitoa habari? Akaniuliza, kwa upole unaoudhi: "Mtu akikuuliza umesikia wapi jambo, unamjibu 'mjini'?"

Anataka mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jina la tovuti, anwani yake na tarehe niliyoisoma. Kwa kila chanzo. Mwisho Alhamisi. Ijumaa nasimama mbele ya jopo, na nikikwama sihitimu mwaka huu.

Ya mdogo wangu imepita. Tunasoma darasa moja, yeye na mimi. Mama ameshautangazia ukoo mzima kwamba atawaona wanawe wawili wakivaa joho siku moja. Mdogo wangu akajitolea kunisaidia. Nikamshukuru, nikakataa. Huyu nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu.

Jumanne, 4 Juni

Kazi imekwisha kabla ya chai! Makala nilikuwa nimezipakua, kwa hiyo kila moja ina anwani. Nimezinakili zilivyo kwenye kompyuta ya ofisini ninakofanya kazi: diski, folda, folda ndani ya folda, jina la faili. Ndefu. Zinatisha. Za kitaalamu kabisa. Nikamtumia msimamizi.

Alasiri akapiga simu. Zile si anwani za tovuti, alisema. Ni mahali faili lilipokaa ndani ya kompyuta yangu. Akataka kujua kama wasomaji wote waje ofisini kwangu, na kama viti vitatosha.

Jumatano, 5 Juni

Nimelazimika kurudi kwenye tovuti moja moja. Majina ya waandishi yapo palepale juu. Sijui kwa nini sikuyaona.

Imebaki makala moja tu, ile inayobeba sura yote ya nne: kwamba wafanyakazi wanaochelewa kazini ni wabunifu kuliko wanaowahi. Niliisoma. Mahali fulani. Au nilisimuliwa. Nimetafuta mpaka macho yakauma, haipo.

Mdogo wangu akashauri niifute hoja hiyo na sura iwe fupi. Rahisi kwake. Tasnifu yake inahusu maji taka. Ushahidi unanuka wenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Suluhisho! Kama makala haina tovuti, ipewe tovuti. Nimefungua moja ya bure, nikaiita Kituo cha Utafiti wa Muda. Makala nimeiandika mwenyewe, na ni nzuri kuliko nyingi nilizosoma. Mwandishi ni Kituo chenyewe. Taasisi inaruhusiwa kuwa mwandishi. Juu nimeweka picha ya mjomba akiwa na suti, ile ya harusini, na chini yake nikaandika "Mkurugenzi".

Tarehe ya kuisoma nimeweka ya Machi, nisije nikaonekana mtu wa dakika za mwisho. Nikawasilisha. Anwani inafunguka. Nimeijaribu tena na tena kwa raha tu, kisha nikamtumia mdogo wangu naye aone.

Ijumaa, 7 Juni

Jopo. Msimamizi, mwenyekiti, na mtahini wa nje mwenye kikohozi. Simu nilikuwa nimeizima tangu asubuhi ili kutuliza akili.

Mtahini akaomba projekta. Akaanza kufungua anwani moja baada ya nyingine. Sikuwa na wasiwasi. Ikafika ya Kituo changu. Mjomba akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango. Juu ya kichwa chake palikuwa na maandishi ambayo sikujua namna ya kuyaondoa, yakinipongeza kwa kufungua tovuti yangu ya kwanza.

Mtahini akasoma tarehe, akakohoa.

"Uliisoma Machi," alisema, "makala iliyochapishwa jana. Kwa mtu anayewatetea wachelewaji, wewe unawahi sana."

Akateremka hadi chini ya ukurasa. Palikuwa na maoni ya msomaji mmoja. Msimamizi akayasoma kwa sauti ileile ya upole: "'Kaka, mwondoe mjomba hapo kabla mama hajaona.'"

Hukumu: sura ya nne iandikwe upya. Nihitimu mwakani, nikiweza.

Mdogo wangu alikuwa akiningoja nje. Akasema amenipigia asubuhi nzima bila kunipata. Nikamwambia ameuharibu utafiti wangu.

Jumamosi, 22 Juni

Mahafali. Joho moja. Mama anawaambia ndugu kwamba utafiti wangu ulikuwa mkubwa mno kwa mwaka mmoja. Sikumsahihisha. Baada ya picha, mdogo wangu alinipa joho lake nimshikie. Linabana mabegani.

Wakati wa hotuba nilisoma mwongozo wa marejeo, kwa mara ya kwanza. Kumbe kuna aina ya chanzo inayoitwa mazungumzo binafsi! Hakina tovuti. Hakuna cha mtu kukifungua ukutani. Nikamgeukia mzee wa kiti cha jirani, baba wa mhitimu mmoja, nikamuuliza kama si kweli kwamba wachelewaji ni wabunifu kuliko wengine. Akajibu kwamba huenda, kisha akaniomba nisogeze kichwa, nimemziba.

Nimeshamwingiza kwenye orodha. Nimempa uprofesa, alikuwa na miwani.