Kilio cha Nyumba ya Vitabu

Jumatatu, tarehe 6 Septemba 1999

Asante Mungu, nimeamka muzima. Vita iko kaskazini, Kamina imejaa wakimbizi, lakini komite ya maktaba imekutana kama kawaida. Tuko watatu. Mama Albertine Mwanza njo prezida, mwalimu wa zamani. Papa Sefu anauza vitambaa sokoni, mababu zake walitoka Maniema na biashara yao. Na minyi, Abner Kyabu, sekretere na kichwa cha komite. (Hakuna aliyenichagua kuwa kichwa. Inaonekana tu.)

Habari mbaya! Komanda wa Base, kambi ya jeshi, ametuma sarja wake: nyumba ya vitabu iwe tupu kabla ya Jumapili. Maofisa watalala humo. Na vitabu je? Sarja akasema vitabu vinawaka vizuri, jikoni vitafaa. Mama Albertine akashika meza kwa mikono miwili. Vitabu hivyo alivikusanya mwenyewe, kwa mapadri, kwa shule zilizofungwa, hata kwa mjane mmoja kule Mulongo. Papa Sefu akapendekeza tumwalike komanda kwa chai na maneno matamu. Chai! Mama akasema yeye amechoka: atakayeiokoa nyumba atachukua kiti chake cha prezida. Kile chenye mto mwekundu! Nikasema waniachie minyi. Wote wawili wakanyamaza. Ninashukuru kwa heshima hiyo.

Jumanne, tarehe 7

Nyumba inayovuja, ofisa gani ataitaka? Nikapanda juu ya paa, nikang'oa misumari, nikasogeza mabati. Nikamwita sarja ajionee kwa macho yake. Akaja. Akaangalia juu. Akavua koti. Kumbe kwao Kongolo alikuwa fundi wa mabati! Akagongelea yote. Na lile tundu juu ya rafu ya jeografia, linalovuja tangu Mama Albertine angali msichana, akaliziba vilevile. Akanishukuru kwa kumwonyesha kasoro mapema. Papa Sefu akapita na baiskeli, akauliza kama siku hizi ninafanya kazi ya jeshi.

Aibu gani! Lakini asante Mungu, mvua ikija hatutalowa.

Jumatano, tarehe 8

Akili imerudi! Kwenye avenyu yetu kuna kilio, mzee Nkulu amefariki. Matawi ya mungazi, yaani mchikichi, yamepandwa barabarani, kila mtu ajue. Lori la askari likaja na kelele zake, likaona matawi, likazima motere. Askari wakashuka, wakavua kofia, wakalisukuma kwa mikono mpaka likapita. Askari walewale wanaokamata kuku za watu! Nikaelewa. Kilio hakiguswi na hakihamishwi, mpaka wazee wakifunge.

Basi nikakata matawi, nikayapanda mbele ya maktaba. Nikawasha gogo kubwa uwanjani, kama kilio chochote. Mfu sina, lakini nani atauliza? Mtu mwenye kilio hasumbuliwi na maswali.

Nilisahau kitu kidogo: Kamina hakuna anayepita matawi bila kuingia. Wamama wakaingia mikono kichwani, wakilia yoo, yoo, mama yangu! Wakauliza nani amekufa. Nikainamisha kichwa. Wakanikumbatia, wakanipa uji. Mtamu. Asante kwa uji.

Alhamisi, tarehe 9

Watu, watu, watu! Mikeka, makala ya jiko, unga wa bukari, majani ya sombe. Papa Sefu akanivuta nyuma ya rafu, akanong'ona marehemu ni nani. Nikamweleza mpango. Akashika ndevu, akasema astaghafirullahi, kifo hakiitwi kwa mchezo, kina masikio. Wivu mtupu.

Halafu akaingia mama mmoja, Asma, mkimbizi wa Kabalo, na watoto wake. Akaketi kwenye mkeka, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kulia wa kwake. Mume wake walimzika kando ya njia, wakakimbia bila kumlilia. Kumbe wote walikuwa wameshaanza. Kila mtu alikuwa na wake. Huyu kijana wake, yule dada yake. Waislamu wakaomba dua, Wakatoliki wakaimba, katikati ya vitabu. Na minyi nikamlilia yaya Umba, ndugu yangu mkubwa, aliyechukuliwa na jeshi na mpaka leo hatujui kama anapumua. Nililia kweli, kamasi mpaka kidevuni. Papa Sefu akanipa kitambaa kipya cha dukani kwake.

Niliona haya sana. Baadaye ikapita.

Ijumaa, tarehe 10

Komanda mwenyewe! Nikajificha nyuma ya dikshonere kubwa. Haikutosha. Akauliza mwenye kilio ni nani. Vidole vyote kwangu! Akauliza ninamlilia nani. Mama Asma akasimama, akasema ni mume wake. Mwingine akasema ni mtoto wake. Majina yakafuatana, mpaka komanda akavua kofia. Akaketi chini pamoja na watu. Akasema yeye pia alimzika mdogo wake, na hakupewa hata nafasi ya kulia. Akakaa hapo, Papa Sefu akimmiminia chai. (Nakubali, chai ilisaidia. Kidogo.)

Alipoondoka alitangaza mbele ya wote: kilio hakihamishwi. Maofisa watalala kwenye depo tupu karibu na stesheni, na hakuna atakayechoma kitabu.

Nyumba imeokoka!!! Mama Albertine akalia upya, safari hii kwa furaha, kisha akawakusanya watoto na kuwasomea. Wazee nao wakaomba vitabu, maana kukaa kilioni ni kazi. Mvuvi mmoja wa Kinkondja alikamata kitabu cha samaki, akagombana nacho mpaka jua likatua. Tangu komite ianze hatujapata wasomaji namna hii. Ee Mungu, asante kwa watu hawa, na kwa akili uliyonipa, ingawa umenipa nyingi kupita kiasi.

Jumapili, tarehe 12

Wazee wamefunga kilio, wamefagia majivu. Nikavaa shati jeupe, nikaelekea kwenye kiti changu. Wazee wakanishika mkono. Mwenye kilio haketi kitini, wala haongozi mkutano, mpaka matanga yaondolewe mwaka ujao. Anakaa chini. Tena ananyolewa. Nikawaambia kwa siri sina mfu yeyote. Wakatikisa vichwa, wakasema maskini, huzuni imemchanganya. Wakaninyoa hapohapo! Mama Albertine, anayejua yote, aliinamia kitabu chake na mabega yakawa yanamtetemeka. Kiti amepewa Papa Sefu, anishikie.

Ninashukuru. Nywele huota.

Jumatatu, tarehe 13

Kipara kinawasha. Nimewaza sana juu ya wiki hii, na fundisho ni moja tu: mpango ulikuwa mzuri, ila nilimweka ndani mtu asiyefaa, yaani minyi. Mgonjwa naye haongozi mkutano. Kwa hiyo asubuhi nimepita sokoni na kunong'ona kwamba Papa Sefu ni mgonjwa sana, hali yake haielezeki.

Saa sita wamama walishafika kwake na uji, sombe na kuku. Amewapokea wote, amekula, amemshukuru Mungu kwa majirani wema, na paja moja la kuku amenitumia minyi, kwa sababu niko kwenye huzuni. Nimelila lote, lilikuwa na pilipili vizuri. Kesho nitaongeza kwamba ugonjwa wenyewe unaambukiza.