Springi ya Kituo Namba Saba

Jumatatu, 23 Septemba

Aibu! Mazoezi ya shabaha leo, mbele ya chama kizima cha wawindaji wa kijiji chetu cha Kuikkaniemi. Hirvi wa mbao, mfano wa yule mnyama mkubwa wa pembe pana tunayemwinda misitu ya huku, akapita kwenye reli yake, nikalenga bega, nikavuta. Bunduki ikafyonya. Nikavuta tena. Ikafyonya tena. Hirvi akafika mwisho wa reli mzima wa afya, pembe zake zote juu.

Bunduki ni ya marehemu babu na haina tatizo lolote, isipokuwa ndani. Springi ya komeo imechoka, na pini imelika nchani. Haiigongi risasi. Inaipigia hodi.

Shemeji Veijo, mume wa dada yangu Raili, ana bunduki mpya yenye darubini nene kama chupa ya chai. Akaniambia nisihuzunike, mwaka huu nitapika supu ya wawindaji, na mwiko hauhitaji springi. Watu wakacheka. Watu wa huku hawacheki ovyo, kwa hiyo iliuma mara mbili.

Bi Tyyne, kiongozi wetu wa uwindaji, akatoa uamuzi. Mtihani ni Jumapili. Nikifaulu nabaki na kituo namba saba, pale kwenye kona ya kinamasi aliposimama babu, kisha baba. Nikishindwa, kituo ni cha Veijo na mimi naenda kwenye sufuria.

Veijo kwenye namba saba! Labda nife kwanza.

Jumanne, 24 Septemba

Fundi bunduki wa mjini amejaa kazi hadi Krismasi. Afadhali. Angemwambia mkewe, mkewe angemwambia Raili, na Veijo angeshajua kabla sijafika nyumbani.

Binamu yangu Oiva amenipa kopo la vipuri vya jeshi. Springi na pini, mpya kabisa tangu enzi za vita! Tatizo dogo: zimezama kwenye grisi iliyoganda kama siagi. Oiva akasema nikae nikwangue taratibu kwa kisu. Maskini Oiva. Hana akili ya mipango.

Mimi nitatumia sauna, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke. Joto likipanda, grisi itatiririka yenyewe. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 25 Septemba

Binti yangu Sirkka alipoondoka tu kwenda kwaya, nikawasha sauna. Kila kitu nilikipanga. Sikupanga moshi.

Kijijini sauna ni Jumamosi. Moshi ukionekana Jumatano, basi kuna mgeni au kuna maiti wa kuoshwa. Nusu saa haikupita, Veijo huyo mlangoni, taulo begani, anauliza nani amekuja. Nikasema hakuna aliyekuja. Akasema basi amekuja yeye. Na mtu aliyekuja na taulo hafukuzwi, hata awe Veijo.

Vipuri vilikuwa kwenye benchi la juu, chini ya kitambaa. Nikainama kuchota maji. Nikamsikia anapanda. Nikasikia akisifu harufu, kwamba inamkumbusha ghala la kambi ya jeshi. Nikafungua mdomo kumwonya. Akaketi.

Yowe gani lile! Alinipita kama hirvi aliyefukuzwa na mbwa, moja kwa moja hadi ziwani. Springi ilikuwa imemchora makalio mistari myembamba, iliyonyooka, kazi safi ya kiwandani.

Kutoka majini akauliza kile ni kitu gani. Nikasema springi ya kitanda.

“Tangu lini kitanda kinaoga, shemeji?”

Nikarudi saunani kukusanya vipuri. Lakini grisi imeyeyuka yote! Mpango umefanikiwa.

Ijumaa, 27 Septemba

Siku ya kufunga vipuri. Utaratibu, utaratibu! Nikatandika gazeti mezani. Vya zamani kushoto, vipya kulia. Nikasugua vyote, hata vya zamani, maana mimi si mtu wa kuacha kitu kichafu. Mwishowe vyote vilimetameta sawasawa.

Nikatoka kunawa. Niliporudi nikamkuta Sirkka amekaa pale na kahawa yake, akisoma matangazo ya vifo kwenye gazeti langu. Nikamuuliza kwa ukali kama amegusa vipuri. Akaapa hajagusa hata kimoja. Nikatulia. Nikachukua vya kulia, nikafunga, nikapaka mafuta. Komeo linateleza kama samaki.

Veijo ameonekana dukani, anatembea ametanua miguu. Namwonea huruma kidogo. Si sana.

Jumapili, 29 Septemba

Mtihani. Watu wengi, mikate ya iliki, kahawa, ukimya. Hirvi wa mbao akatoka. Nikalenga kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa.

Bunduki ikafyonya.

Nikatangaza kwamba risasi ni mbovu. Bi Tyyne akanipa yake. Ikafyonya na hiyo. Nikasema kwa sauti kwamba haiwezekani, nimefunga vya kulia kwa mkono wangu mwenyewe! Hapo Sirkka akasimama, mkate mkononi.

“Mimi sikugusa kitu, baba! Niligeuza gazeti tu. Wafu walikuwa wamekaa kichwa chini!”

Kwa hiyo kulia ilikuwa kushoto. Nilitoa springi chakavu, nikaisugua, nikairudisha ilikotoka.

Veijo, ambaye alikunywa kahawa yake yote akiwa wima, akanijia taratibu. Nikajua sasa ni zamu ya mwiko. Akaninyooshea bunduki yake.

“Shika, shemeji. Piga.”

Nikamuuliza kwa nini, wakati kituo kinakuwa chake.

“Mwaka juzi supu ulipika wewe,” akasema. “Ulipima chumvi kwa mizani ya barua. Piga, tafadhali, kwa niaba ya sisi sote.”

Bi Tyyne akasema mtihani ni wa mtu, si wa bunduki. Nikapiga. Risasi zote begani! Namba saba imebaki kwetu, kwa jitihada zangu mwenyewe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya kwanza ya uwindaji. Baridi kavu, anga safi.

Wiki hizi mbili sikulala. Springi zilikuwa zimechanganyika na zote ziling'aa, lakini nilitumia akili: mpya ni ndefu kuliko iliyochoka. Kisha nikapata kwenye kopo la Oiva nyingine, ndefu zaidi ya zote. Iliyo ndefu ina nguvu, na iliyo ndefu zaidi ina nguvu zaidi. Nikaifunga hiyo. Nyumbani, bunduki ikiwa imebanwa kwenye jiliwa, komeo lilifunguka kwa nyundo ya mbao bila shida yoyote.

Kwenye kituo hakuna jiliwa.

Mbwa wakabweka. Hirvi dume akatoka kwenye misonobari, akasimama mbele yangu, ubavu wote wazi. Babu angelia kwa furaha. Nikavuta komeo ili nitie risasi. Halikutikisika. Nikaning'inia kwenye mkono wa komeo. Nikaegemeza kitako cha bunduki kwenye mti, nikasukuma kwa kisigino. Hirvi akanitazama kama mtu anayesubiri zamu yake kwa fundi. Komeo likafunguka ghafla, nami nikaangukia kinamasini chali. Niliponyanyuka alikuwa ameondoka zake, akitembea, hata hakukimbia. Alielekea namba nane. Mlio mmoja. Veijo.

Nyama imegawanywa, kila nyumba imepata fungu lake. Hakuna aliyenicheka, maana kila mtu alikuwa na ini la kukaanga. Tulipokuwa tumekaa kuuzunguka moto nikawaeleza kwamba kosa lilikuwa la hirvi, kwa kuja mapema. Springi yenyewe imethibitika: hakuna yenye nguvu kama hiyo mkoa mzima! Nikajitolea kubadilisha springi za bunduki zote za chama kabla ya wikendi ijayo, nikianza na ya Veijo.

Bi Tyyne alinitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kwetu huku, asiyesema neno amekubali. Kesho asubuhi nazipitia nyumba zote kuzikusanya.