Uzinduzi wa Seva ya Majina, Kibaha hadi Kisarawe

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo iliyomwandaa Mwenyekiti huyo. Wakuu wa vitengo, makaimu wa wakuu wa vitengo, na ninyi mnaowakaimu makaimu. Masheikh wetu na wachungaji wetu. Mabalozi wa nyumba kumi kutoka Visiga na Kongowe. Wazee wangu wa Dutumi mliotoka nyumbani kabla ya chai. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na kama yupo niliyemruka, ajihesabu amezingatiwa. Shikamooni wazee. (Marahaba, ya uvivu.)

Mimi ndugu yenu Mwinyimadi, Kaimu Mkurugenzi Msaidizi wa Uratibu wa Mifumo katika Wakala wetu wa Ramani za Mashamba, nimesimama mbele ya mlango huu wenye utepe nikiwa na furaha kubwa, furaha ambayo tumeifanyia upembuzi yakinifu na kuipitisha kwa wadau. (Makofi, mstari wa mbele tu.)

Ndugu wananchi, changamoto mnaijua. Ramani huchorwa Kisarawe na kuchapwa hapa Kibaha, na kompyuta ya hapa ikitaka ramani lazima imwite mwenzake wa kule kwa jina. Sasa wataalamu wamenieleza, nami nikawaelewa kuliko walivyojielewa, kwamba kompyuta za ofisi moja huitana kwa kupaza sauti, kama majirani wa uwa mmoja, lakini kati ya ofisi na ofisi ipo ruta, kile kisanduku kinachounganisha mitandao yao, na ruta haipitishi kelele. Ukitumia namba ya mwenzako unafika. Ukimwita kwa jina, kimya. Dawa yake kitaalamu ni seva ya majina, yaani mashine inayojua kila mwenye jina anakaa wapi. (Mama mmoja: Kama balozi.) Kama balozi, ahsante mama, ingawa muda wa maswali ulikuwa bado.

Mimi binafsi sikukaa nikisubiri seva. Nilikuta kompyuta zina majina ya ovyo, hii Raudha, ile Mapokezi, nyingine Dirisha la Nyuma, nikasema huu si utumishi. Nikaagiza, katika ofisi zote mbili, kila kompyuta ianze na cheo changu kikamilifu, ndipo lifuate jina la chumba. Kwa bahati mbaya mfumo ule una ufinyu wa fikra, haupokei zaidi ya herufi kumi na tano, ukakata. Hivyo basi, kuanzia Kibaha hadi Kisarawe, kila kompyuta inaitwa KAIMUMKURUGENZI, na zilizo ofisi moja zinagombania jina hadi nyingine zimesusa kabisa. (Kicheko kirefu.) Chekeni, lakini uongozi umefika kila meza kwa asilimia mia moja, jambo ambalo watangulizi wangu hawakuliweza.

(Mzee mmoja anasimama.) Mzee Hemedi, keti baba yangu, nakufahamu. Ndugu wananchi, ramani ya shamba la mzee huyu imo Kisarawe, na baraza la kata linakaa leo alasiri kuamua mpaka wake, maana jirani amesogeza mihogo hadi kwenye kaburi la marehemu mama yake. Asipokuwa na ramani hana cha kuonyesha. Inauma, nami imeniuma kwa mujibu wa wadhifa wangu. (Mzee Hemedi: "Mwanangu, mimi nataka ramani yangu leo. Habari za majina ya mashine utanipa kesho.") Nimekusikia, mzee wangu, na niseme mbele ya hadhara hii kwamba wewe ndiye mnufaika hasa tuliyekulenga.

Tuje kwenye takwimu. Tangu mradi huu ulipoanza katika ngazi ya fikra, ramani tisini na saba katika kila mia zimetoka Kisarawe zikafika Kibaha salama salimini. (Makofi, sasa hata nyuma.) Kwa hiyo nikisema Jina, mseme Linafika. Jina! (Wachache: Linafika.) Ruta! (Kimya.) Hiyo hatukuifanyia mazoezi.

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru kwa kukalia viti hivi, tulivyovitoa ndani ya chumba hiki cha seva nyuma yangu, na mkiondoka naomba mvirudishe, kwa kuwa humo hamna kitu kingine wala hakijapata kuwamo. Seva yenyewe bado hatujaiagiza, kamati haijakubaliana iitwe nani. (Minong'ono.) Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Saburi wa bodaboda, kwani ramani zote nilizozitaja alizibeba yeye, kwenye flashi, mfukoni, akipita Kiluvya kwa jua na kwa mvua. Leo hakwenda Kisarawe, tulimhitaji hapa avae fulana ya mradi na kupiga makofi. Bwana Saburi, simama wakuone. (Pikipiki inawashwa getini.) Saburi? Na Mzee Hemedi naye yuko wapi? Aa, nimewaona, yule kapanda nyuma, kashikilia kofia yake. Basi wapigieni makofi. (Makofi marefu, uwanja mzima umelipa jukwaa kisogo.)

Ahsanteni, ahsanteni sana. Nani ana mkasi?