Ukuta Wenye Bando Lisilokwisha

Jumatatu, 3 Februari

Joto. Vumbi tangu asubuhi. Sikuuza hata jozi moja ya akala, hivi viatu vyangu vya tairi.

Betri ya simu imefura tena. Kifuniko cha nyuma hakifungi, nimekikaza kwa kipande cha mpira wa tairi. Nikikohoa inazima. Lakini laini iliyo ndani yake! Laini ya kampuni ya Mbayuwayu, mpango wa Bila Mwisho, data isiyokwisha usiku na mchana. Waliuuza walipokuwa wanatafuta wateja Turkana, wakidhani watu wa huku hatutakuwa na la kufanya nayo. Walipoona tulivyoitumia wakaacha kuuza. Sisi tuliokuwa nao tukaachiwa, mradi tusiguseguse. Lodwar nzima nadhani nimebaki peke yangu.

Shida ya kitu kisichokwisha ni kwamba huwezi kumwambia mtu kimekwisha. Hapa kwetu mtu akikuomba unampa, na akikupa unapokea. Pa kujifichia ni mahali pamoja tu: kusema tumbaku imekwisha, sukari imekwisha. Mimi sina pa kujifichia. Kwa hiyo kila jioni nusu ya mtaa wa Nawoitorong imeegemea ukuta wangu, inavuta neti ya simu yangu, shingo chini, hata salamu ya "ejok" wanaisema bila kuinua macho.

Sijali. Waje hata na mbuzi wao. Maana jua likianza kushuka nyuma ya miti ya mikoma, anakuja Abei.

Abei ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa karibu. Anakuja na kiti chake cha plastiki, nywele zinanukia mafuta ya nazi, anakaa mwisho wa ukuta karibu kabisa na mlango wangu. Anavaa visikizi vyake na kumpigia dada yake aliyeko chuo Eldoret. Mimi nakata akala, yeye anacheka. Huu mwaka wa pili nakata akala na yeye anacheka, na sijawahi kumwambia neno zaidi ya kumuuliza kama neti inashika. Nampenda mpaka chakula hakipiti. Nimeandika, basi, sitaandika tena.

Leo simu yangu ilizima muda mrefu na mimi ndiye niliyemwambia. Yeye alikuwa bado anaendelea kucheka. Hivyo ndivyo anavyompenda dada yake! Akasema kwa upole kwamba simu hii imechoka, niionee huruma.

Ng'ambo ya barabara, Lokaale mwenye duka la kinyozi alikuwa juu ya paa anafunga dishi la intaneti, jeupe, kubwa. Akampungia Abei mkono. Abei akampungia pia!

Nimeamua. Nanunua simu mpya, na Bila Mwisho nahama nayo.

Jumanne, 4 Februari

Simu mpya iko mezani. Baiskeli haiko tena.

Balaa: laini yangu ni ya kizamani, pana kama kucha ya dole gumba. Tundu la simu mpya ni la kucha ya mtoto mchanga.

Nikaenda ofisi ya Mbayuwayu. Pale kaunta yuko dada anaitwa Chepkirui. Alianza na Kiingereza, akauona uso wangu, akahamia Kiswahili. Akaeleza kwamba watanipa laini ndogo, namba ile ile, ila Bila Mwisho haihami. Laini mpya, mpango mpya. Akaongeza, hata nikipata ujanja wangu wa kuiingiza ile ya zamani, nisikubali ofa yoyote itakayoletwa kwa simu, kwa sababu nikikubali tu mpango wa zamani unafutika. Nikamwambia mimi si mtoto.

Mchana nikarudi nimejipanga. Nilifikiri hivi: laini ikipotea kwa msiba, kampuni itaona haya na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nikamwambia imeliwa na mbuzi. Chepkirui akauliza mbuzi wa rangi gani. Nikasema mweusi, wa jirani, mwenye tabia mbaya tangu akiwa mdogo. Akaandika yote. Akauliza namba ya laini iliyoliwa. Nikamtajia. Akaipiga.

Mfukoni mwangu simu ikaimba.

Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akanishauri nipokee, labda ni mbuzi anaomba msamaha. Nilitoka kichwa juu, lakini nilitoka haraka.

Jioni simu ya zamani ilikubali kidogo tu. Abei akaondoka mapema, akasahau kiti. Lokaale ameweka benchi mbele ya kinyozi, na juu ya benchi ameweka mto.

Jumatano, 5 Februari

Nina kisu kikali kuliko vyote Lodwar. Kinachokata tairi la lori kitashindwaje na laini? Lakini mtu mwenye akili hujaribia mbali. Nikamwomba jirani yangu Mzee Ekal laini yake. Hakuuliza ya nini. Ameombwa, ametoa.

Nikaikata. Ilitoka nzuri, ndogo, kona zote sawa. Na imekufa kabisa. Mzee Ekal aliitazama mkononi mwake, akanitazama mimi, akaniomba tumbaku. Nikampa. Akasema basi kuanzia leo wanawe walio Kaaleng watampigia kwenye namba yangu. Wamepiga mara nyingi leo. Ng'ombe wao mmoja anaumwa.

Abei hakuja.

Kiti chake kilikuwa nje. Nikakiingiza ndani kisipigwe na vumbi. Kisha nikaona akipita asipokiona atadhani nimekifanya changu, nikakitoa. Kisha upepo ukaja, nikakiingiza. Mzee Ekal akauliza kama kiti nacho kina betri mbovu. Ukuta umejaa watu na mimi naona pengo tu.

Alhamisi, 6 Februari

Kakuma! Sokoni, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna fundi wa simu, Awale, Msomali, mtu wa maneno machache. Mkewe Nasro anauza chai ya iliki hapo hapo kibandani. Awale aliitazama laini yangu kwa heshima, kama mtu aliyeletewa mzee wa siku nyingi. Akaiweka kwenye kikatio chake, akabana mara moja. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, simu mpya ilikuwa inawaka, neti imejaa, na pale juu imeandikwa: Bila Mwisho. Nikalia. Kidogo tu.

Nasro akauliza ni mwanamume gani anayelia kwa sababu ya data. Chai yake ilikuwa tamu, nami nilikuwa sijamwambia mtu kwa muda mrefu, nikamweleza yote: ukuta, kiti, mafuta ya nazi, kicheko. Alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa shela. Akasema, "Walahi ndugu yangu, hiyo nyumba ya wageni nimelala. Iko na waifai mpaka jikoni. Huyo dada anatafuta neti kwako ya nini?"

Nikamweleza taratibu kwamba waifai ile ni ya wageni, na Abei ni mtu mwenye adabu, hawezi kutumia kitu cha wageni. Nasro akatikisa kichwa. Akasema nimwambie tu yaliyo moyoni, nisihangaike na laini. Awale naye akasema hivyo hivyo, bila kuinua kichwa.

Watu wazuri sana. Ila mambo ya mitandao hawayaelewi.

Ijumaa, 7 Februari

Jioni bora kuliko zote tangu nizaliwe.

Neti inaruka. Ukuta umejaa hadi kwenye kona. Benchi la Lokaale lina mto na paka. Na Abei alikuja! Alikikuta kiti chake nje, nimekifuta. Akaweka visikizi, akavitoa, akaviweka mapajani. Akauliza akala zangu zinadumu muda gani. Akasema angependa jozi. Akavua kiatu, akaweka mguu wake juu ya mpira nimpime.

Nikauzungushia chaki. Nilipomaliza, Abei ametoka na vidole sita. Akaangalia, akasema ni sawa, kimoja kitakuwa cha akiba.

Hapo hapo ujumbe ukaingia: "Mteja wetu mpendwa, hongera kwa simu mpya! Tunakupa ZAWADI ya GB 10 bure. Jibu 1 kupokea."

Nilimkumbuka Chepkirui. Lakini yeye alisema ofa. Hii si ofa, ni zawadi, wameandika wenyewe kwa herufi kubwa. Zawadi unaikataaje? Mbele ya Abei, nionekane mtu anayerudishia watu mkono waliomnyooshea? Mama yangu hakunilea hivyo.

Nikajibu 1. Wameshukuru.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwisha.

Leo kulikuwa na mpira. Watu wote ukutani, kila mmoja anatazama kwa simu yake. Kabla ya mapumziko zawadi ikaisha. Chini ya zawadi hapakuwa na kitu. Nilitafuta Bila Mwisho kila mahali ndani ya simu. Haiko. Nikampigia Chepkirui. Kwanza akauliza mbuzi anaendeleaje. Halafu, kwa huruma ya kweli, akasema aliniambia, na kwamba mpango ukifutika hakuna wa kuurudisha, hata wakubwa wa Nairobi.

Kwa mara ya kwanza maishani nikawa na haki ya kusema imekwisha. Nikasimama mbele ya watu nikasema. Hakuna aliyeamini! Mzee Ekal akanyanyuka na kigoda chake, akanitazama kana kwamba nimekula mbuzi mzima peke yangu. "Kijana, hii kitu ulituambia haina mwisho. Sasa imeisha namna gani? Sema tu umekuwa mchoyo. Simu mpya imekuharibu."

Nikaapa. Wakavuka barabara mmoja mmoja na vigoda vyao, wakakaa kwa Lokaale. Mzee Ekal alirudi mara moja, kuniomba simu ya zamani. Nikampa.

Abei hakuvuka. Alisema amechoka, acha akae kidogo. Niliumia sana kumwona amechoka hivyo, hata kuvuka barabara hawezi.

Jumapili, 9 Februari

Abei alikuja baada ya kanisa, na kitambaa cha buluu kichwani, na chupa ya chai. Nilimkimbilia kabla hajakaa nikamwambia hakuna neti, asipoteze muda wake. Akasema anajua. Akakaa.

Ng'ambo kelele za kwa Lokaale. Upande wetu kimya. Nilikuwa nasikia kisu changu kikipita kwenye mpira, na yeye akipuliza chai. Akanimiminia na mimi. Jua likashuka nyuma ya mikoma polepole, nikatamani lishikwe na kitu lisifike chini. Nina kila kitu ninachotaka kwenye kile kiti, nami sina hata kilobaiti moja ya kumpa.

Nikamwomba radhi kwa ajili ya neti. Akaweka chai yake chini. Akasema, "Erupe, kweli neti yako ni shida." Kisha akacheka, lakini si kama siku zote.

Nimeamua. Sitamwacha hivi.

Jumanne, 11 Februari

Nimepata habari! Awale amepiga kutoka Kakuma: kuna mfanyabiashara huko mjini Lokori bado ana laini ya Bila Mwisho, nzima, na yuko tayari kubadilishana na simu mpya. Naondoka kesho alfajiri. Najua nitabaki na laini bila simu, lakini jambo moja kwa wakati wake.

Jioni Abei alikuja na msichana anayefanana naye. Ni dada yake. Nikamkaribisha, nikamuuliza amefika lini kutoka Eldoret. Akasema alimaliza chuo akarudi kabla ya Krismasi, wanalala chumba kimoja na Abei.

Kabla ya Krismasi!

Nikafikiri haraka. Kama dada alikuwa hapa Lodwar muda huu wote, basi Januari nzima Abei alikuwa anampigia nani? Anamchekea nani? Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Dada yake akapasuka kicheko, akamtazama Abei, akanitazama mimi, akasema huyu hakuwa anapiga simu popote. Abei akamkanyaga mguu. Alimkanyaga kwa akala nilizomkatia mimi, zimemkaa vizuri.

Sasa naelewa. Dada anamfichia. Kuna mtu.

Kisha Abei, akitazama chini, akasema kesho anapika nyumbani kwao, samaki wa ziwani, na angependa nije nile. Peke yangu, si na ukuta wote. Ee Mungu. Nikamwambia, na ilinichoma kusema, kwamba kesho siwezi, nasafiri Lokori kwa ajili yake, avumilie kidogo tu, neti itarudi. Dada yake akashika kichwa kwa mikono miwili. Abei akasema sawa, Erupe, safari njema. Akaacha kiti.

Nimekiingiza ndani. Nimekaa nacho, hatusemi. Nimeshawaza yote: aongee na huyo mtu wake, simkatazi, lakini aongelee hapa, ukutani kwangu, karibu na mlango, nimsikie akicheka. Hilo tu linanitosha.

Huyo anayempigia, yeyote yule, ana bahati sana.