Ngiri Katoka, Mwalimu Karudi Jimu

Jumatatu, 3 Juni
Nimerudi kazini. Makofi darasani! Kisha mmoja wa viti vya nyuma akauliza kama ngiri niliyetolewa tumboni alikuwa dume au jike. Elimu inasonga mbele.

Daktari kaniambia nitembee tu, nisinyanyue kitu kizito mpaka aniruhusu. Mwoga yule. Nimemwambia mkuu wa shule kwamba ngazi zinaniua. Mama mwenye huruma! Darasa langu limeshushwa chini, na zamu yangu ya asubuhi getini kapewa mwalimu wa michezo, tunayemwita Kifua. Kaniangalia kwa jicho la pembeni. Wivu tu.

Jumanne, 4 Juni
Jioni, jimu. Kimyakimya. Tumbo limelegea kama mto wa zamani, na miye nilikuwa mtu wa kutazamwa! Kocha kauliza kama nimepona. Nikamjibu kwamba hata daktari atashangaa. Sikudanganya.

Jumatano, 5 Juni
Maumivu. Ya afya, nadhani. Shuleni nimechechemea kwa mguu wa kushoto mpaka mapumziko. Baada ya chai nikasahau, nikachechemea kwa wa kulia. Kifua kaniuliza mbele ya walimu wote kama ngiri wangu ni wa kuhamahama. Wamecheka mpaka chaki zikaanguka. Nami nimecheka, kwa heshima ya mshono.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa!
Nimeingia jimu, namwona nani? Mkuu wa shule, kavaa raba, anatembea juu ya mashine. Nikajitupa kwenye benchi, taulo usoni. Kocha akadhani najiandaa. Akaniwekea chuma mikononi, akaongeza mzigo, akanisifu kwa moyo wangu, akageuka kuongea na simu.

Chuma kikashuka. Kikatua kifuani. Kikakataa kuondoka. Nikaita kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kusikika. Ikabidi niite kwa kubwa. Mikono miwili ikanipokea mzigo. Ya mkuu!

Akanifunua taulo. Akasema, “Mwalimu, pole. Kumbe huku hakuna ngazi.”

Ijumaa, 7 Juni
Nimeitwa ofisini. Nilitarajia kufokewa, ningejua la kujibu. Lakini mkuu kasema taratibu kwamba wiki zote nilizolala hospitali, vipindi vyangu alivifundisha yeye mwenyewe, ili wanafunzi wasibaki nyuma na mimi nisirudi kwenye rundo la lawama. Sikulijua hilo. Nikaona haya, haya ya kweli.

Yamepita. Nimerudishiwa darasa la juu, na zamu ya getini muhula mzima. Kifua kanipa mkono wa pongezi.

Jumamosi, 8 Juni
Daktari kautazama mshono, akautazama uso wangu, akavua miwani. Bado haujafumuka. Nikirudia, kasema, nitarudi kisuni. Mama watoto, aliyekaa pembeni, kamwambia ana watoto watatu, na wa nne ana ndevu. Tulipofika nyumbani kachukua viatu vyangu vya mazoezi, kavifungia kabatini, ufunguo kautia kifuani. Nikamwapia, kama nilivyomwapia daktari, kwamba nimekoma.

Jumapili, 9 Juni
Nimekoma kabisa. Jimu sikanyagi tena.

Mama watoto katoka na wanawe. Nyumba kimya. Jikoni kuna mtungi wa gesi, mpya, umejaa. Huo si chuma cha jimu, ni chombo cha nyumbani. Baba kusaidia jikoni ni vibaya?

Nimeunyanyua mara moja. Vizuri sana! Mara ya pili nimesikia kitu kikichanika.

Naomba iwe suruali.