Malenga Mwenye Haiba ya Nane

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Nimekufa tena. Mezani tu, lakini fedheha ni ileile. Kila Jumamosi mchana, sebuleni kwetu, mke wangu husimulia habari za mapango na mazimwi, nasi wachezaji huwa mashujaa: mimi, mama mkwe, na shemeji yangu, daktari wa meno. Kila shujaa ana sifa zenye alama. Nguvu, Wepesi, Akili, Busara, Haiba na kadhalika. Mimi nilikuwa mchawi msomi. Alama nono nikazimwaga kwenye Nguvu, ili moto wangu uchome sawasawa. Ukatoka kama wa kibiriti kilicholoa. Popo akaniua. Popo! Mama mkwe akauliza kama alikuwa popo mkubwa. Shemeji akamhakikishia kuwa alikuwa mdogo.

Wamepitisha azimio: nikifa tena, shujaa wangu atambebea mizigo shujaa wa shemeji. Milele!

Jumapili, tarehe 10
Tukiwa tunakunja nguo, nimemchimba mke wangu kwa ujanja wa hali ya juu. Nikasema nina rafiki anayetatizwa na alama za wachawi.

"Huyo rafiki ndiye aliyeuawa na popo?"

Hata hivyo amenieleza. Mchawi msomi hutegemea Akili, kwa kuwa uchawi wake ni wa vitabuni. Kuhani, kama yule wa shemeji, hutegemea Busara. Malenga, anayeroga kwa nyimbo, hutegemea Haiba. Nimeelewa barabara. Kumbe jambo lenyewe jepesi hivi!

Jumatano, tarehe 13
Nimeamua. Malenga! Shemeji na ukuhani wake atanikoma. Alama zangu nimezijaza kwenye Akili. Haiba nimeipa nane, ya chini kuliko zote. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba haiba ninayo mwenyewe tangu kuzaliwa, ya nini kuipotezea alama?

Nimeijaribu leo dukani kwangu. Mama mmoja alikuja kutafuta mapazia ya chumba cha kulala. Nikamwimbia beti mbili. Akasema atapita siku nyingine. Ameacha mwavuli wake, jinsi alivyovutiwa.

Jumamosi, tarehe 16
USHINDI!

Daraja la kamba, chini korongo lisilo na mwisho. Zimwi limesimama katikati. Pigo moja tu, kuhani wa shemeji akazimia. Mama mkwe, mpiga upinde wetu, akaishiwa mishale. Nikabaki mimi. Shemeji, ingawa amezimia, akaanza kunitajia mizigo yake: sufuria, hema, godoro.

Nikapanda juu ya kiti. Nikaimba wimbo wa kulilaza zimwi. Nikarusha dadu ya kuamua kama wimbo umefaulu. Moja, alama mbaya kuliko zote! Mke wangu akafumba macho, akatangaza kuwa sauti imenikwaruza kama bawaba yenye kutu. Zimwi likaanza kucheka. Likacheka, likajishika mbavu, likaachia kamba. Mke wangu akalirushia dadu kuona kama litabaki wima. Moja pia!

"Limetumbukia," akasema, kama mtu asiyeamini kinywa chake.

"Mwanangu, umetuokoa!" Mama mkwe akanikumbatia hadi miwani yangu ikapinda. Shemeji akanipa mkono. Ulikuwa wa baridi, wenye unyevunyevu. Mtamu mno! Wamenichagua kiongozi wa msafara.

Jumapili, tarehe 17
Mke wangu amenieleza, polepole, kwamba ile ilikuwa bahati ya dadu. Malenga mwenye Haiba ya kutosha angelilaza zimwi lile bila jasho. Nimemsamehe. Si kila mtu hutambua kipaji kilicho ndani ya nyumba.

Ukweli nimeugundua mimi: sifa ikiwa chini, uchawi hupanda. Jumamosi nitakuwa kuhani, na Busara yangu nitaiteremsha hadi mwisho wa kuteremka. Mazimwi yatajitupa yenyewe.

Shemeji amepiga simu. Sauti ya unyenyekevu, sijawahi kuisikia kwake. Ameniuliza kama na yeye aipunguze Busara yake. Nimemshauri aipunguze mara moja.

Mke wangu alikuwa akisikiliza. Amejifunika uso kwa mto, mabega yanatikisika. Kuolewa na bingwa si jambo dogo.