Malalamiko Kuhusu Foili na Kifurushi Chenye Masikio

Ghubra,
Alkhamisi, baada ya alasiri.

Kwa Mheshimiwa Shemegi Bi Sayyida,
Msimamizi Mkuu wa Jiko la Ukoo,
Mabela.

Shemegi yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Unisamehe kwa kukuandikia barua hali simu ninayo na wewe unayo. Kwenye simu unazungumza wewe, mimi naitikia tu mpaka unakata. Nilitunza stoo ya serikali miaka ishirini na sita, na huko kitu kisichoandikwa hakipo.

Nimepokea amri yako, uliyoileta kwa mdomo wa binti yangu Balqees, kwamba ifikapo Jumamosi friza yangu iwe tupu ili uweke nyama ya shuwa, ile ya kufukia shimoni kwenye makaa, ya Idi Kubwa, kwani mimi naishi peke yangu na friza "imekaa bure".

Haikukaa bure. Ndani yake mna kifurushi kimoja cha foili alichokifunga marehemu mke wangu, mdogo wako Rahila, kabla hajatutoka miezi saba iliyopita. Sijui kina nini. Nakitazama kila asubuhi nikichukua barafu, kisha nafunga mlango. Basi nyama haitoingia, na sababu zangu ni hizi:

1. Foili unayonunua ni nyepesi mno. Rahila alikuwa akifika dukani anafungua boksi, anaibinya ncha ya foili kwa vidole viwili na kuitegea sikio. Ikilia kama karatasi ya peremende, anairudisha. Mwenye duka alimwambia siku moja, "Mama, hii si kitambaa cha harusi." Akamjibu, "Wewe uza, mie ndo nnayepika." Yako, Shemegi, inalia. Idi iliyopita ilipasuka ndani ya shimo, na ukoo mzima tukala mbuzi wa mchanga. Mumeo Taimur alisema ni viungo. Nilimeza kwa heshima, lakini gego langu ni shahidi.

2. Unafunika samaki wa ukwaju kwa foili na kumwacha mpaka kesho yake. Ukwaju hula foili. Ijumaa moja uliponiletea chakula nilikuta kifuniko kina matundu kama chandarua, na samaki ana ladha ya sufuria. Rahila vitu vya ukwaju na ndimu alivitia kwenye bakuli la gilasi, akafunika kwa sahani. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia nikakae sebuleni.

3. Biriani lako lilikuja na kikaratasi: "Pasha moto dakika tatu." Hakikusema foili itolewe kwanza. Mimi ni mtu wa stoo, nafuata maandishi. Mara tu nilipoiwasha maikrowevu zikaruka cheche kama fataki za sikukuu ya taifa, na jirani yangu Sinan akapiga makofi dirishani kwake.

4. Umetangaza mbele ya binti yako Afra na wakwe zake kwamba upande wa foili unaong'aa lazima uwe ndani, na kwamba mimi nimeuharibu mkate kwa kuweka upande huo nje. Nimefanya jaribio. Nilichukua mbatata mbili, moja nikaifunga mng'aro ukiwa ndani, nyingine ukiwa nje, nikazitia katika oveni pamoja. Ziliiva wakati mmoja. Nilizila zote mbili ili matokeo yasije yakabishaniwa.

5. Hili ndilo zito, na naliandika bila ya nia ya kukuudhi. Hujui kukunja. Vyakula vyako vya Ijumaa vinakuja vimefunikwa juu juu kama mtu aliyelala na shuka fupi. Rahila hakuwa akiandika kitu juu ya kifurushi. Alikuwa akikijua kwa mkunjo wake. Samaki alimkunja kama bahasha. Mkate aliuviringisha kama mtoto mchanga. Na vile vitu ninavyovipenda mimi alivikusanya juu na kuvisokota pembe mbili, kama masikio ya paka. Kifurushi kilichobaki kina masikio. Hakuna mtu aliye hai anayekunja hivyo. Nimejaribu mwenyewe, mara nyingi tu, nikapata kitu kama mpira uliokanyagwa na gari. Ukikitoa hiki, hutoweza kunipa kingine.

Kwa hayo, naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, nyama ikalale kwa Afra.

Pili, foili ipigwe marufuku katika ukoo wetu na turudi kwenye majani ya mgomba matupu, hata kama itabidi mtu atumwe mbali huko Salala kwenye migomba kuyakata.

Tatu, kifurushi changu kitambuliwe kuwa mali ya ukoo isiyohamishika, na kila atakayefungua friza yangu atie saini, saa na sababu. Daftari nimeshalipiga mistari.

Nne, siku nikifa mimi, friza isizimwe.

Naamini utayapima maombi haya kwa busara yako, ukishamaliza kukasirika. Nisalimie Taimur, Afra na wanawe, mama mkwe wa Afra hata kama haitikii, na yule mbuzi, ikiwa bado yu hai.

Ni mimi shemegi yako, mtiifu katika kila jambo isipokuwa hili,

Sleyum

Nyongeza: Nilikwenda kutafuta bahasha. Niliporudi nilimkuta Balqees jikoni, amekuja kusafisha friza kwa amri yako, na kifurushi kiko wazi mezani. Hakutia saini. Nilitaka kukasirika, lakini ndani mlikuwa na katlesi tisa. Tukazipasha moto, bila ya foili, nikaonja moja. Ina pilipili mbichi. Rahila hakunitilia pilipili mbichi miaka thelathini na moja, kwa ajili ya tumbo langu. Katika familia yenu anayetia pilipili mpaka mtu akasahau jina lake ni mmoja tu. Balqees anakumbuka ulizileta mwenyewe wiki ile ya msiba, na nikasema sitaki kula. Anasema pia kuwa wewe na Rahila mlifundishwa kusokota masikio siku moja, na mama yenu, jikoni Unguja. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Nimezila zote tisa. Machozi ni ya pilipili.

Friza iko tupu. Leta nyama, na foili, ile isiyolia. Njoo mapema, Shemegi, ukunje mbele yangu, masikio na yote, polepole. Nitakaa jikoni, na safari hii nisiambiwe niende sebuleni.